Pikipiki imelala chini kidogo tu, mbona hendeli inatazama upande?

Masika yamepiga Tanga na barua zilizonifikia safari hii karibu zote ni za watu waliolaliwa na pikipiki, sio ajali za mwendo, ni zile za kona na mchanga na kupaki vibaya. Nimechukua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu humo ndani kuna mambo ambayo watu wanayaita madogo alafu baadae yanawaumiza.

SWALI: Fundi shikamoo. Mie ni bodaboda, kijiwe chetu kipo Makorora, pikipiki ni ya mkataba imebaki miezi mitano iwe yangu. Juzi asubuhi mvua imekatika nimetoka kushusha abiria Raskazone, narudi, nakata kona kuingia barabara kubwa kumbe maji yameleta mchanga juu ya lami, nilikuwa taratibu kabisa kama mtu anatembea, nikashika breki ya mbele ikanilalia kushoto. Mguu ulibanwa, ikakaa chini kama dakika mbili tatu mpaka watu wakaja kuniinulia. Nilivyoiwasha ikatoa moshi mweupe mwingi nikaogopa nikaizima. Sasa hivi nikienda nyoofu hendeli inatazama kushoto, mkono wa klachi umepinda, pedo ya gia imeingia ndani inagusa injini, kioo na indiketa ya kushoto zimevunjika. Fundi mmoja kasema nibane tairi kwenye mti nivute hendeli itanyooka bure, mwingine kasema shokapu za mbele zimekufa ninunue seti nzima. Bosi anataka hesabu, yaani pesa yake ya kila siku. Nianze na nini, na kipi kinaweza kusubiri?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na pole sana. Kabla ya pikipiki nakuuliza mguu, umeniandikia vyuma vyote hukuniambia unakanyagaje. Kama kifundo kimevimba na bado kinauma siku ya tatu hii, au ulitua na kiganja na sasa panauma chini ya kidole gumba, nenda hospitali ya Bombo upigwe picha, kile kimfupa cha kwenye kifundo cha mkono kikipasuka kinaweza kukudanganya kama umeteguka tu na ukikiacha kinakaa vibaya, na wewe mikono ndo kazi yako.

Haya, moshi. Huo usikutishe sana. Pikipiki ikilala ubavuni oili inatoka sehemu yake inapitia kwenye mpira wa kupumulia wa injini inaingia kwenye boksi la eakilina, yaani chujio la hewa, nyingine inapenya juu ya pistoni, na petroli nayo inamwagika kutoka kwenye kabureta. Ukiwasha inaungua yote kwa pamoja ndo ule moshi mweupe wenye ubluu na harufu ya oili. Ulifanya vizuri kuzima. Ila ulipowasha pale pale ulibahatisha, siku nyingine ikianguka cha kwanza zima switchi, cha pili funga koki ya mafuta, inyanyue, iache isimame wima kama robo saa. Alafu fungua plagi, piga kiki taratibu mara tano sita kwa mguu bila nguvu, kama kuna oili au petroli imekaa juu ya pistoni itatokea kwenye tundu la plagi. Wakati unapiga kiki switchi iwe imezimwa na waya wa plagi uweke mbali na hilo tundu, petroli iliyomwagika haitaki cheche. Maji maji hayabanwi kama hewa, ukilazimisha kuwasha injini ikiwa imejaa unaweza kupinda mkono wa pistoni na hapo hasara sio ya mkono wa klachi tena.

Sasa hivi fanya hivi, simamisha stendi kubwa sehemu tambarare, angalia oili kwenye kijiti au kile kioo cha pembeni, ikiwa imepungua ongeza ile ile unayotumia. Fungua eakilina, ikiwa imelowa oili ya sponji unaifua kwa sabuni na maji unaikausha kabisa unaipaka oili kidogo, ya karatasi unanunua nyingine, haifuliki. Ukiwasha moshi ukiisha ndani ya dakika chache basi hilo limekwisha. Ukiendelea siku ya pili na ya tatu, hilo ni tatizo lingine, njoo nalo kwa fundi.

Hendeli sasa, na hapa naomba unisome taratibu kwa sababu ndo pesa yako ilipo.

Hendeli kutazama upande baada ya kuanguka polepole, mara nyingi sana hakuna kilichopinda. Shokapu zako mbili za mbele zimeshikwa na vishikio viwili, kimoja juu karibu na hendeli, kingine chini yake juu ya madigadi. Ncha ya hendeli ikipiga chini tairi linabaki limeng'ang'ania, hizo shokapu zinateleza kidogo ndani ya vishikio vyake na kukaa mshazari, moja imeenda mbele kidogo nyingine nyuma. Hiyo inarudishwa kwa spana na nusu saa, hainunuliwi seti. Na hainyooshwi kwenye mti. Ukibana tairi kwenye mti bolti zote zikiwa zimekazwa ukavuta, unachovuta ni spoku na rimu na hizo shokapu zenyewe, inaweza ikaonekana imenyooka ukaondoka umefurahi, ukipiga shimo la kwanza pale Pongwe inarudi ilipokuwa kwa sababu ndani vitu vimekaa kwa kubanana.

Njia yake ni hii. Kwanza chukua kalamu ya wino mzito weka alama kwenye kila shokapu pale inapoingia kwenye kishikio cha juu, ili ujue kimo chake kisibadilike. Legeza nati ya ekseli ya mbele, ule mhimili wa katikati ya tairi, legeza bolti za kishikio cha chini pande zote mbili, alafu za juu. Nimesema legeza, sio fungua, mzunguko nusu mpaka mmoja unatosha, ukifungua kabisa pikipiki inashuka na kichwa. Simama mbele yake unaitazama, bana tairi kwa magoti, shika hendeli ncha mbili uzungushe upande wa pili mpaka ikae sawa na tairi. Mwambie mwenzako asimame nyuma aangalie, jicho la aliye mbali linaona vizuri kuliko lako. Kaza kidogo kidogo zote, ishushe kwenye stendi, shika breki ya mbele ubonyeze shokapu kwa nguvu mara sita saba zijipange zenyewe, ndo ukaze kabisa, za chini, za juu, na ekseli ya mwisho. Angalia zile alama zako za kalamu bado ziko pale pale.

Ikikubali, yule aliyekwambia seti nzima kakosea. Isipokubali, au ikikubali lakini ukibonyeza inakwama kwama au inatoa mlio wa kukwaruza, au unaona mstari wa oili kwenye chuma cheupe cha shokapu, hapo kuna kitu kimepinda au oili sili, ule mpira unaozuia oili isitoke, imekufa. Shokapu inayovuja usiiache, ile oili inashuka kwenye gurudumu na breki ya mbele iko hapo hapo. Kujua kama bomba limepinda linatolewa linaviringishwa juu ya kioo kinene kilichonyooka, kama linaruka ruka basi limepinda, mwambie fundi akuonyeshe kwa macho yako kabla hujatoa pesa ya spea. Ni haki yako kuona.

Jambo jingine la hapo hapo mbele, nyanyua tairi la mbele lisiguse chini, geuza hendeli taratibu kulia mpaka mwisho na kushoto mpaka mwisho. Iende laini. Ukisikia kama inaingia kwenye kishimo pale katikati, beringi za shingo, pale hendeli inapozungukia, zimepata alama. Na ukishika shokapu chini ukazivuta mbele na nyuma zikacheza, nati ya shingo imelegea. Zungusha tairi pia uweke kidole karibu na rimu bila kugusa, ikiyumba zaidi ya milimita 2 hivi inahitaji kunyooshwa kwa spoku, na piga spoku moja moja kwa spana ndogo, inayotoa sauti nzito tofauti na wenzake imelegea.

Kama hendeli yenyewe bomba ndo limepinda, badilisha. Najua wengi wanainyoosha na mimi nimenyoosha nyingi zamani, ila nimeacha, chuma kikishapinda kikarudishwa pale mahali panakuwa pamechoka, na hendeli ndo kitu pekee unachoshikilia.

Mkono wa klachi, yaani leva. Ile ni aluminiamu ya kumwaga, inapinda mara moja, ukiirudisha inakatika, kama sio leo basi siku umekaa kwenye foleni katikati ya magari. Hata ukiinyoosha kwa moto ukafanikiwa, angalia kwa karibu pale kwenye kitundu cha bolti utakuta ufa mwembamba kama unywele. Nunua nyingine, ni miongoni mwa spea rahisi kabisa na maduka ya Ngamiani yamejaa, nunua mbili moja iwe inakaa chini ya siti. Ukiifunga usikaze sana kile kishikio chake kwenye hendeli, kiache kikaze kiasi kwamba ukikipiga na kiganja kwa nguvu kinazunguka, siku ukianguka tena kitazunguka badala ya leva kukatika. Na waya wa klachi uache ulegevu wa milimita 2 mpaka 3 pale kwenye kitako cha leva, alafu geuza hendeli pande zote injini ikiwa imewaka, mlio wa injini ukipanda wenyewe ukigeuza ujue waya wa akseli, ule wa kuongezea mafuta, unavutwa umepita vibaya. Akseli uizungushe uiachie, irudi yenyewe kwa haraka, tap. Isiporudi usipande.

Pedo ya gia, hapa ndo naomba sana. Usiinyooshe ikiwa kwenye pikipiki. Nikiwa najifunza kazi nimemuona kaka mmoja kaingiza bomba refu kwenye pedo ya mteja akavuta, pedo ikanyooka kweli, na jioni ile ile mteja karudi oili inatiririka, ile shafti inayotoka kwenye injini ilikuwa imepinda na sili yake imeachia, injini ikabidi ipasuliwe. Mteja alikuwa mtu wa hesabu kama wewe. Pedo inashikwa na bolti moja tu, weka alama kwenye shafti na pedo zikae vile vile, ifungue, ichomoe, ibane kwenye vaisi uinyooshe huko, irudishe. Ukishaitoa angalia pale ilipokuwa inagusa injini, kama mfuniko umekwaruzika tu acha, kama una ufa au unyevu wa oili upanguse ukauke, endesha kidogo uangalie tena.

Kwaiyo kwa pesa ya mtu wa hesabu, leo ni kunyoosha mbele, leva na pedo, na kukagua tairi na spoku. Kioo na indiketa ni za wiki hii hii usizisogeze, unabeba watu na kona za Tanga mnakatizana, na indiketa ikifa moja ile nyingine upande huo inapepesa haraka haraka sio kwamba imeharibika. Mikwaruzo ya rangi inasubiri mwisho wa mwezi, ila sio zaidi, sie tunakaa na bahari, chuma kikivuliwa rangi hewa ya chumvi inakila haraka, piga msasa, praima, rangi hata ya brashi.

Kabla hujabeba abiria nenda sehemu wazi asubuhi mapema, endesha nyoofu, uone kama inavuta upande, shika breki ya nyuma, alafu ya mbele kidogo kidogo. Na ile breki ya mbele, kosa halikuwa mchanga peke yake, tairi la mbele likiwa limegeuzwa kwenye kona ukalishika breki kwa mwendo mdogo linakunjika chini yako hata bila mchanga. Kwenye kona ya taratibu tumia ya nyuma, punguza kabla hujageuza.

Bosi mwambie leo, usisubiri aone mwenyewe. Na ujue bima ya thed pati uliyonayo inalipa hasara ya mtu mwingine, sio leva yako.

SWALI: Habari fundi, mie nina skuta ya kwendea kazini nakaa Sahare. Ilianguka ikiwa imepaki, stendi ilizama kwenye mchanga. Tangu hapo breki ya mbele, ni ya diski, ukiishika inaingia mpaka inagusa hendeli ila ukiibonyeza mara nyingi inakuja. Na bodi ya plastiki imepata ufa mrefu.

JIBU: Dada yangu, usiiendeshe mpaka hiyo breki ipone. Kile kikopo kidogo pale kwenye hendeli kina mafuta ya breki, kama yalikuwa yamepungua pikipiki ikilala hewa inaingia kwenye njia, na hewa inabanika, ndo maana leva inakuwa laini kama sponji na ukiipampu inakuja kwa muda. Dawa ni kutoa hewa, fundi anafungua kile kinati cha kwenye kalipa, kile kifaa kinachobana diski, mmoja anabonyeza leva anashikilia, mwingine anafungua na kufunga, wanaongeza mafuta mpaka mapovu yaishe. Mafuta yawe yale yaliyoandikwa kwenye mfuniko wa kikopo, DOT 3 au DOT 4, yasiwe ya kopo lililokaa wazi dukani kwa sababu yanavuta unyevu wa hewani, na hewa yetu hii ina unyevu mwingi. Yakidondokea kwenye rangi yamwagie maji hapo hapo, yanakula rangi. Mwambie pia azungushe gurudumu aangalie diski haijapinda na mpira wa breki haujakatika.

Plastiki, mwisho wa ufa toboa kitundu kidogo cha duara, ufa unaishia hapo hauendelei. Alafu kwa nyuma fundi wa plastiki anazamisha vipande vidogo vya waya kwa pasi ya kulehemu, inashika vizuri kuliko gundi. Na unapopaki kwenye mchanga weka kipande cha ubao au kopo lililobondwa chini ya stendi, kaa nacho kwenye buti.

SWALI: Mwanangu fundi, mimi ni mzee nimestaafu nipo Muheza, nataka kununua pikipiki iliyotumika ya kunipeleka shamba kwenye michungwa. Nitajuaje kama imewahi kuanguka? Muuzaji anasema haijawahi.

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Usimuulize muuzaji, angalia ncha. Pikipiki ikilala inagusa kwa ncha za leva, ncha za hendeli, pembe ya pedo, vikanyagio vya miguu na mfuniko wa injini. Vikiwa vimekwaruzika upande mmoja vyote kwa pamoja, ililala upande huo, na kama ni mikwaruzo tu haina neno, hakuna pikipiki ya kazi ambayo haijalala. Leva moja mpya na nyingine ya zamani pia inakwambia. Kinachotakiwa kukutoa pale ni kingine, angalia shingoni chini ya tanki palipo na vile vizuizi vinavyozuia hendeli isigeuke kupita kiasi, vikiwa vimebondeka au kuna alama za kuchomelea na rangi mpya hapo, iache, hiyo haikuanguka kidogo.

Alafu kipimo cha kamba. Funga kamba nyuma ya tairi la nyuma, ivute mbele pande zote mbili ikigusa ukuta wa tairi la nyuma sehemu mbili, kimo cha ekseli au chini kidogo. Weka tairi la mbele nyoofu. Nafasi kati ya kamba na tairi la mbele ilingane kushoto na kulia. Isipolingana angalia kwanza alama za kukazia cheni nyuma kama zimewekwa sawa pande zote, watu wengi wanakaza upande mmoja zaidi. Zikiwa sawa na bado kamba haikubali, fremu au shokapu zimepinda. Kamba ya kufungia mkaa inatosha, na muuzaji akikataa usipime umeshapata jibu.

SWALI: Fundi, nilianguka taratibu kichwa kikagonga ukingo wa barabara, helmeti ina mkwaruzo tu haijapasuka. Naendelea nayo?

JIBU: Hapana. Ndani yake kuna povu gumu jeupe, kazi yake ni kubonyea ili kichwa chako kisibonyee, na likishabonyea mara moja halirudi. Kwa nje unaona mkwaruzo, ndani pale pameshakuwa pembamba. Kama ingeanguka tupu kutoka kwenye siti ningekwambia iangalie uendelee, lakini wewe kichwa kilikuwemo. Nunua nyingine, na hii uikate kamba ya kidevu kabla hujaitupa ili asije mtoto wa mtu akaiokota akaivaa.